Nakata vitambaa usiku wa manane, na mume wangu amechoka

Ndugu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nashona nguo za kike hapa Morogoro, Kihonda. Nilianza na cherehani moja ya miguu barazani kwa mama mkwe. Leo nina fremu, cherehani nne ikiwemo ya ovaloki, mafundi wawili ninaowalipa kwa kipande, na binti mmoja anayejifunza. Watu wakiona hivyo wananipa hongera. Mimi mwenyewe sijui kama nastahili hongera au pole.

Siku yangu iko hivi. Nafungua saa mbili asubuhi, na hapo hapo wateja wanaanza. Huyu anataka kupimwa, huyu kaja kujaribisha, huyu kaleta kitenge na picha ya mshono kwenye simu anataka nimwambie kama kitatosha, huyu anadai nguo yake ya wiki iliyopita. Mafundi wananingoja niwakatie. Wakikosa kazi wanachezea simu, au wanashona vitu vyao vya pembeni ambavyo najifanya sivioni. Jioni wateja wakipungua ndipo nashika mkasi. Nafunga saa tatu, siku nyingine saa nne, na bado nabeba mfuko wa vitambaa kwenda nyumbani. Nakata sakafuni, sebuleni, watoto wakishalala. Juzi nilikata kitenge cha mteja kichwa chini miguu juu. Kilikuwa na ndege, na ndege wote wa gauni zima wakawa wanatazama ardhini. Ilibidi nizunguke Soko la Chifu Kingalu nikitafuta rangi ile ile, kwa pesa yangu.

Krismasi iliyopita tulikesha dukani mimi na mafundi, usiku wa tarehe 23 na wa tarehe 24. Asubuhi ya sikukuu nilikuwa bado natia vifungo. Wanangu walivaa nguo za kununua. Watoto wa fundi, Mshauri, walivaa nguo za kununua, tena nilizinunua jioni ya mwisho bila hata kuwapima.

Simu ndiyo usiseme. Saa tano usiku mtu ananitumia picha ya mshono, na alfajiri kabla hata ya adhana anauliza kama nimeiona.

Pesa naiona ikiingia, siioni ikikaa. Gauni la kitenge la kawaida nashona kwa 30,000. Fundi nampa 12,000. Nikishona mwenyewe ile 12,000 inabaki kwangu, kwa hiyo najitahidi nishone nyingi niwezavyo. Nguo zilizokwisha ambazo wenyewe hawajaja kuchukua zinafika 30 hivi, zimening'inia ukutani, na wengi walitoa advansi ya 5,000 tu. Ada za watoto zikifika nachota kwenye droo. Kodi ya fremu ikifika nakopa VICOBA.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, hajawahi kunizuia kitu. Lakini mwezi uliopita aliniambia, “Mama watoto, siku hizi nyumba hii ina mpangaji, haina mke.” Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

Sasa kuna fremu imepatikana karibu na stendi ya Msamvu. Mwenyewe anataka kodi ya miezi 6 mbele. Dada yangu anasema niichukue, niongeze mafundi wawili, kazi igawanyike nami nipumue. Mume anasema nifunge kabisa, nishonee nyumbani wateja wachache tunaoheshimiana. Nishike la nani? Na je, kweli mtu anaweza kuwa na biashara yake na bado akala chakula cha jioni na wanawe?

Wako,
Fundi wa Kihonda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilimsomea fundi mmoja mzee wa Ilala ambaye tangu nimfahamu anafunga duka saa kumi na mbili jioni, iwe Idi iwe Krismasi, na wateja wanamgombania. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachomoa uzi kwenye bobini. Hakuuliza unaingiza shilingi ngapi. Aliuliza, “Anakata saa ngapi?”

Umeandika mwenyewe: unakata usiku. Na ukirudia kusoma ulichoniandikia utaona kila shida uliyoitaja inatokea hapo. Mafundi wako wanakaa asubuhi nzima bila kazi kwa sababu wewe uko na wateja. Wanalipwa kwa kipande, maana yake asubuhi hiyo wameipoteza wao, na ndiyo sababu wanashona vya pembeni. Usiwalaumu, nao wana kodi. Jioni unapokata, wao wamechoka na wanataka kurudi makwao, kwa hiyo nguo inalala. Mteja anakuja kesho yake, hajaikuta, anakaa kwenye benchi kukununia, na kule kukununia kunakula saa ambayo ungekata ya mwingine. Una cherehani nne na mkasi mmoja, na mkasi wenyewe unaanza kazi jua likizama.

Ndiyo maana ushauri wa dada yako, ingawa anakutakia mema, utakuumiza. Ukiongeza mafundi wawili leo utakuwa na mafundi wanne wanaongoja mkasi badala ya wawili. Kazi haigawanyiki kwa kuongeza watu wa kushona wakati kinachokwama ni kukata. Mumeo naye amelenga jirani ya shabaha. Ukihamia nyumbani, kazi itahamia sebuleni, ambako tayari imekwisha kufika, na huko hakuna mlango wa kufunga. Mteja atapiga hodi Jumapili mchana mkiwa mezani, na utamfungulia, maana anajua uko ndani.

Kwa hiyo tuanze na asubuhi. Saa mbili mpaka saa tano iwe ya kukata, na isiwe ya kitu kingine. Hakuna kupima, hakuna kujaribisha, hakuna “dada naomba tu nikuulize”. Bandika karatasi mlangoni: vipimo na kujaribisha ni kuanzia saa tano. Huyo binti anayejifunza ndiye akae mbele. Apokee mfuko, aandike jina na namba ya simu, amwambie mtu arudi. Wiki ya kwanza watalalamika. Yupo atakayesema umeanza maringo. Mwache aseme, wiki ya tatu atakuja saa tano kama wenzake.

Lakini saa hizo tatu zitakufaa tu kama umeziandalia. Kabla ya kufunga jioni, panga mifuko ya kesho kwa zamu, na kila mfuko uwe na kila kitu chake: kitambaa, bitana, zipu, uzi wa rangi yake, vifungo, na karatasi ya vipimo iliyobanwa kwa pini pamoja na picha ya mshono. Mzee wa Ilala alilisisitiza hili kuliko yote. Anasema fundi akiinuka kwenye cherehani kwenda kutafuta zipu ya zambarau, hapotezi dakika za kwenda dukani peke yake. Akirudi anakuta mwenzake kahamishia mguu wa cherehani kwenye kazi nyingine, wanaanza kubishana, na saa nzima imekwenda. Kingine, kata zinazofanana pamoja. Kama kuna madera manne na magauni mawili, maliza madera yote kwanza ndipo ubadilishe akili.

Hukuniambia mafundi wako wanamaliza nguo ngapi kwa siku. Tuseme kila mmoja anamaliza magauni mawili ya kawaida akipata kazi asubuhi. Wewe sahihisha namba. Wawili kwa siku 6 ni magauni 24 kwa wiki, yaani manne kwa siku. Kukata manne, akili ikiwa mbichi na mfuko ukiwa kamili, hakukuhitaji usiku hata mmoja. Na wale ndege ungewaona wanakotazama.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwako, nalijua kabla hujalisema. Mfundishe fundi wako mkubwa kukata. Anza na vitu vya mstari ulionyooka: madera, sketi za shule, mashati ya sare. Tengeneza paterni za karatasi ngumu kwa saizi za kawaida za wanafunzi, zitundike, na mtu yeyote mwenye mkono mtulivu atakata sare bila kukuita. Mlipe kwa kila kipande anachokata, juu ya malipo ya kushona, hata kama ni 1,500 au 2,000. Wewe baki na nguo za harusi, na vitenge vya maua makubwa vinavyotaka kulinganishwa kifuani, na wale wateja ambao miili yao unaijua wewe tu.

Najua hofu iliyopo hapo. Mafundi wengi hawafundishi kukata kwa sababu anayejua kukata anajua kufungua duka, na akifungua anaondoka na wateja. Ni kweli, wengine huondoka. Lakini mwanangu, ulipokuwa barazani kwa mama mkwe na wewe ulikuwa umetoka kwenye duka la mtu, au umefundishwa na mtu aliyekubali kukufundisha. Anayetaka kuondoka ataondoka hata asipojua kukata, ila ataondoka baada ya kukuchosha miaka.

Sasa daftari la miadi, maana hapa ndipo usiku wako unapouzwa. Mtu analeta kitambaa Jumatatu anataka Jumamosi, nawe unasema “sawa” kwa sababu Jumatatu ile Jumamosi inaonekana mbali. Unasema “sawa” kwa watu 35 na duka lina uwezo wa nguo 24. Hizo 11 zilizozidi zitashonwa lini? Umeshaniambia: usiku wa manane. Wakala wa basi pale Msamvu anaweza kupigiwa kelele na abiria mpaka jasho limtoke, lakini siti zikiisha kwenye karatasi yake anauza za kesho. Nawe chukua daftari kubwa, kila wiki ukurasa wake, kila ukurasa mistari 20. Siyo 24. Mistari minne iache wazi kwa marekebisho na kwa dharura za kweli: msiba, au binti wa mtu aliyepata safari ghafla. Dharura iwe na bei ya dharura, na uitamke bila kuona haya. Mistari 20 ikijaa, wiki imejaa. “Jumamosi hii sina nafasi, mama. Nina Jumatano ijayo, nikuandikie?” Sema hivyo, kisha nyamaza. Usianze kujieleza.

Utapoteza wateja kadhaa, siwezi kukuficha. Lakini mafundi cherehani nchi hii mna jina baya, la “njoo kesho”, na wanawake wanajuana. Fundi mmoja akianza kutoa nguo siku aliyoiandika, habari inatembea jumuiya nzima na kwenye kila kikao cha kitchen party. Baada ya miezi kadhaa watu watakuwa wanakupigia kuulizia nafasi kabla hata hawajanunua kitambaa.

Mstari usiandikwe kabla vitu viwili havijafika mkononi: kitambaa, na nusu ya pesa. Hiyo advansi ya 5,000 ifute kabisa. Tazama ukuta wako. Nguo 30 zilizokwisha, kila moja bado inadaiwa 25,000. Hizo ni 750,000 zimetundikwa kwenye hanga. Na siyo faida tu iliyokwama pale. Mafundi umeshawalipa 12,000 kwa kila nguo, ambayo ni 360,000. Tuseme zipu, uzi na bitana vimekula 4,000 kwa kila moja, ni 120,000 nyingine. Umetoa 480,000, umepokea advansi za 150,000. Kwa hiyo umewakopesha wateja 330,000 za mfukoni mwako, bila riba, halafu wewe unakwenda VICOBA kukopa kodi kwa riba. Nikifika hapa huwa nahitaji kunyanyuka kidogo nikanywe maji.

Waandikie wote wiki hii, mmoja mmoja, kwa adabu: nguo yako iko tayari, imebaki kiasi fulani, nakuomba uichukue kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi watakuja, maana wengi wamesahau tu au wanaona aibu. Usitishie kuuza. Kitambaa ni mali ya mtu. Ukitaka kuwa na kanuni juu ya nguo zisizochukuliwa, iandike kwenye risiti siku anayoleta kitambaa, aisome, ndipo itakuwa na uzito.

Na mlundikano ulionao sasa? Funga kupokea kwa wiki moja. Usifunge duka, funga kupokea. Orodhesha kila mfuko ulio chini ya meza, hata ile unayoiona aibu kuifungua, upange kwenye mistari, kisha umpigie kila mwenye nguo na umpe tarehe ya kweli, hata kama ni mbali. Mteja anayepigiwa simu na fundi kabla hajaja mwenyewe hushtuka kiasi kwamba husahau kukasirika.

Nije kwenye hiyo 12,000 unayoamini unaiokoa ukishona mwenyewe. Gauni la 30,000 likimlipa fundi 12,000 na vifaa 4,000, duka linabaki na 14,000. Hapo ndipo inatoka kodi, umeme wa LUKU, sindano, mafuta ya cherehani, na malipo ya anayepima, anayekata, anayepokea simu na kubeba lawama, ambaye ni wewe. Ukikaa kwenye cherehani ukashona gauni moja, umejilipa 12,000 ya fundi. Lakini kama kwa muda huo mafundi wawili wamekaa bila kazi na kila mmoja amekosa kumaliza gauni moja, duka limekosa 14,000 mara mbili. Umeokota 12,000, umeangusha 28,000. Cherehani yako igeuze iwe ya marekebisho na ya nguo za harusi, basi.

Jipangie mshahara. Siyo “nikihitaji nachukua”, bali kiasi kile kile kila Jumamosi, unachojilipa kama unavyowalipa wao, kinachokwenda nyumbani na hakirudi. Ada ya shule itoke huko, siyo kwenye droo. Chukua lipa namba kwa jina la biashara ili pesa za wateja zisiingie kwenye laini ambayo mtoto ananunulia bando. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hata TRA hawamtozi kodi kwa kiwango kimoja mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiyekuwa nazo. Ukiona mwisho wa mwezi mshahara wako hautoki, ujue bei ya 30,000 haikutoshi na ipande. Watu wa Kihonda hawatakufa kwa 35,000 kama nguo inatoka Jumatano uliyosema.

Juu ya wale mliokesha nao Desemba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na hata ukijumlisha saa za ziada mfanyakazi hapaswi kuvuka saa 12 kwa siku moja. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Inampa pia mapumziko ya saa 24 kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sikuambii haya ili uogope mkaguzi. Nakuambia kwa sababu wewe mwenyewe hupati hata nusu ya kile ambacho sheria inamtaka mwajiri ampe mtu wa chini kabisa, na mwajiri wako ni wewe. Ukimpa fundi wako Jumapili, jipe na wewe.

Krismasi haihami. Ni tarehe 25 Desemba mwaka huu na mwaka ujao, kwa hiyo kukesha tarehe 24 hakuna aliyekushtukiza. Rudi nyuma kwenye kalenda: kazi zote za sikukuu ziwe zimekwisha tarehe 20, siku zinazobaki ni za kujaribisha na kupunguza viuno. Kwa nguo 20 kwa wiki, hesabu wiki ngapi unataka kuzitenga kwa Krismasi, na ukurasa wa mwisho ukijaa, bandika karatasi hata kama ni Novemba. Mistari mitatu ya kwanza kabisa iwe ya wanao. Idi inasogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo iandike mapema isije ikakukuta kwenye msimu wa kitu kingine. Zamani mafundi walikuwa wakisema Kwaresima ni ya kupumua kwa sababu Wakatoliki hawafungi ndoa. Miaka hii Ramadhani na Kwaresima vimekuwa vikikutana, nguo za harusi zinapungua huku za Idi zinaingia, kwa hiyo usitegemee ukimya huo bila kutazama kalenda. Sare za shule, zinazotakiwa Januari, ndizo zinazoweza kushonwa mapema kwa paterni, miezi ambayo mafundi wanapiga miayo.

Simu ni jambo dogo. Laini ya biashara iwe peke yake, kwenye simu yake, na simu hiyo ilale dukani kwenye droo. WhatsApp Business ina ujumbe wa kujijibu wenyewe nje ya saa za kazi: “Tumefunga. Picha yako tutaiona kesho saa tano.” Mtu anayetuma mshono saa tano usiku hategemei jibu saa tano usiku, ila ukimjibu mara moja ataanza kulitegemea.

Baba watoto sasa. Sentensi aliyokuambia ni ya mtu anayekukumbuka na wewe bado upo, kwa hiyo usimjibu kwa kumwambia unavyojitesa kwa ajili yake na watoto. Hilo analijua, anakula matunda yake. Mwonyeshe karatasi ya mlangoni na daftari la mistari 20, umwambie duka litafungwa saa kumi na mbili na kwamba kitambaa cha mteja hakivuki mlango wa fremu kuja nyumbani. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo mwambie aisimamie. Siku utakayorudi na mfuko, ana haki ya kuurudisha kwenye pikipiki. Na kwa kuwa ni mwalimu na mkono wake umezoea kusahihisha, mwombe saa moja ya Jumamosi mfunge hesabu pamoja. Lakini mwambie wazi kuwa ni msaidizi wa daftari. Nimeona waume wema wakigeuka wakaguzi wa mahesabu ndani ya miezi miwili, na hapo mwanamke huanza kuficha pesa kwenye kopo la unga, nanyi hamjafika huko.

Uliuliza kama mtu anaweza kuwa na biashara na akala chakula cha jioni na wanawe. Yule mzee wa Ilala anakula. Siyo kila siku. Akipata kazi ya sare za kamati ya harusi kubwa huchelewa siku mbili tatu, na nyumbani wanajua kabla, kwa sababu ameiona kwenye daftari wiki tatu nyuma.

Kuhusu fremu ya Msamvu, usiilipie. Kodi ya miezi 6 mbele ni pesa ambayo huna, na kama ungekuwa nayo ningekuambia uilipe VICOBA kwanza. Ngoja mpaka mambo mawili yatokee: fundi wako mkubwa awe anakata bila kukuita, na duka la Kihonda liwe limepitisha Krismasi moja bila mtu kukesha. Yakitokea, nenda Msamvu asubuhi ya siku ya kawaida, kaa pale uhesabu wanawake wanaopita wakiwa na vitambaa mkononi na siyo mabegi ya safari, kisha uniandikie tena. Mwenye fremu akikuhimiza kwamba kuna mtu mwingine anaitaka, mwambie ampe.